Bingwa Havundikwi: Jinsi ya Kuulinda Mwili wa Mtoto Mchezaji

Mnamo Julai 2022, msichana wa Nairobi mwenye umri wa miaka 18 alishika kombe katika viwanja vya Wimbledon, Uingereza. Msichana huyo ni Angella Okutoyi. Yeye na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walikuwa wamewashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada katika fainali ya wasichana wachezao wawili wawili. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakanyakua pointi za kuamua kwa 11-9. Kabla ya siku hiyo hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa taji katika mashindano manne makuu ya tenisi duniani.

Habari kama hizo huwasha moto katika nyumba nyingi. Hapa Mowlem, ambako majengo yamebanana na watoto hucheza vichochoroni hadi giza liingie, si ajabu mzazi kumtazama mwanawe akikimbia na kujiuliza, "Mbona huyu naye asifike huko?" Mchezo wenyewe waweza kuwa tenisi, kandanda, riadha, voliboli au sarakasi. Mzazi humtafutia kocha, kocha huongeza mazoezi, na mtoto, kwa kuwa hataki kuwavunja moyo wote wawili, huanza kuficha maumivu.

Hapo ndipo afya huingia hatarini. Somo la leo linauliza: Je, mtoto aweza kuifuata njia ya bingwa bila kuharibiwa mwili? Jibu ni ndiyo, ila kwa sharti moja. Mwili wake usivundikwe kama ndizi. Uachwe ukomae kwa wakati wake.

SAFARI YA HATUA KWA HATUA

Okutoyi alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha mwenzake. Mama yao alifariki walipozaliwa. Walilelewa na nyanya yao, ambaye alifanya kazi ya usafi katika shule ya msingi mtaani Loresho. Okutoyi alianza kushika raketi akiwa mtoto mdogo sana. Baadaye alipata nafasi katika vituo vya mafunzo vya vijana, kwanza Burundi na kisha Morocco.

Mwaka 2021 alishinda ubingwa wa Afrika wa vijana. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano makuu ya vijana, yaliyofanyika Australia, akafika raundi ya tatu. Kombe la Wimbledon lilifuata miezi sita baadaye. Hata hivyo hakuacha masomo ili azunguke dunia nzima akicheza. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, ambako mchezaji husoma huku akifanya mazoezi chini ya uangalizi wa makocha na wahudumu wa afya. Machi 2024, akiwa na miaka 20, alitwaa dhahabu ya tenisi katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana.

Msomaji, hebu hesabu. Tangu aliposhika raketi hadi kombe la Wimbledon ilipita zaidi ya miaka kumi. Mzazi anayetaka matokeo katika miezi sita anaomba kitu ambacho mwili wa mtoto hauwezi kutoa.

MIFUPA INAYOREFUKA

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna sehemu laini zenye gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Sehemu hizo hufunga na kuwa ngumu mtu anapomaliza kukua, kwa wasichana wengi mapema kuliko wavulana. Kabla hazijafunga, huwa ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe na hata kuliko kano zinazoushikilia. Kishindo ambacho kwa mtu mzima kingeteguza kiungo, kwa mtoto chaweza kuumiza mahali penyewe mfupa unapokulia. Jeraha la hapo likipuuzwa, mkono au mguu waweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Zaidi ya hayo, katika miaka ya kubaleghe mifupa hurefuka upesi kuliko misuli na kano. Misuli hukazwa kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa mno. Ndiyo sababu watoto wengi wachezaji wa miaka 10 hadi 15 hulalamika juu ya maumivu chini kidogo ya kilegesambwa cha goti, au nyuma ya kisigino. Maumivu haya kwa kawaida hupona kwa kupunguza mazoezi na kunyoosha misuli taratibu. Wengine huambiwa, "Ni uvivu tu, kimbia yataisha." Kwa kufanya hivyo kidonda cha wiki tatu hugeuzwa kuwa cha mwaka mzima.

Tenisi ina mizigo yake ya pekee. Mchezaji hurusha mkono uleule juu ya bega mara mamia, hujipinda kiuno kila anapoanzisha mpira, na hukimbia na kusimama ghafla. Bega, kiwiko, kifundo cha mkono na sehemu ya chini ya mgongo ndivyo viungo vinavyochoka kwanza. Kijana anayeumwa mgongo wa chini kila anapojipinda kwenda nyuma asichukuliwe kuwa amelala vibaya tu. Huenda mfupa wa uti una ufa mdogo uliotokana na kurudiarudia tendo moja.

KIASI GANI KINATOSHA?

Wataalamu wa tiba ya michezo wametoa vipimo ambavyo mzazi yeyote aweza kuvishika kichwani.

Kwanza, saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Mtoto wa miaka 10 asipitishe saa 10 kwa wiki, na wa miaka 12 asipitishe saa 12. Ukijumlisha mazoezi ya shule, ya klabu na mechi za Jumamosi, utashangaa jinsi hesabu inavyopanda upesi.

Pili, awe na siku moja au mbili kila wiki za kupumzika na mchezo huo. Katika mwaka apate jumla ya miezi miwili au mitatu ya kuuacha, hata ikiwa ni mwezi mmoja mmoja.

Tatu, asifungwe kwenye mchezo mmoja mapema. Mashauri ya madaktari wengi wa watoto ni kwamba angoje hadi miaka 15 au 16. Kabla ya hapo kandanda, kuruka kamba, kukimbia na kuogelea vyote humjenga, kwa sababu kila mchezo hutumia misuli tofauti.

Nne, mazoezi rasmi yasizidi mara mbili ya muda anaocheza apendavyo mwenyewe. Kwa hiyo ile michezo ya kichochoroni ambayo watu wazima huidharau ina faida yake. Mtoto akichoka huketi, na hakuna anayempigia filimbi.

Tano, vifaa vilingane na mwili. Tangu 2012, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limekataza mpira wa kawaida wa manjano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Hutumia mipira laini inayodunda polepole. Raketi ya baba mikononi mwa mtoto wa miaka minane ni sawa na jembe zito. Vivyo hivyo viatu vya mitumba vichunguzwe soli kabla ya kununuliwa. Soli iliyolika upande mmoja humpindisha mtoto kifundo cha mguu, na kiatu kikubwa kilichojazwa karatasi mbele hakifai kukimbilia.

MAFUNZO KUTOKA MBALI

Tenisi ya kulipwa yenyewe ilijifunza haya kwa uchungu. Mwaka 1990 Jennifer Capriati wa Marekani aliingia katika mashindano ya kulipwa akiwa na umri wa miaka 13. Dunia ilimshangilia. Kufikia mwisho wa 1993 alikuwa amechoka na kuondoka uwanjani kwa muda, ingawa miaka mingi baadaye alirudi na kushinda mataji makuu. Kuanzia 1995 chama cha tenisi ya wanawake kiliweka kanuni za umri. Msichana aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kucheza mashindano ya kulipwa, na kutoka 14 hadi 17 idadi ya mashindano yake hupimwa na kuongezwa kidogokidogo.

Huko Serbia, nchi ndogo iliyotoa mabingwa wengi wa tenisi, tunapata mifano miwili ya kutafakari. Ana Ivanović alizaliwa Belgrade mwaka 1987. Utotoni mwake viwanja vya ndani vilikuwa haba, hata akafanya mazoezi ya majira ya baridi ndani ya bwawa la kuogelea lililokaushwa maji na kutandikwa zulia. Kuta zilikuwa karibu mno, kwa hiyo alilazimika kupiga mpira kwa mshazari. Mzazi wa Mowlem anayelalamika kuwa hakuna uwanja na apate moyo hapo, kwani ukuta na mpira laini vyatosha kumwanzisha mtoto. Juni 2008, akiwa na miaka 20, Ivanović alishinda mashindano ya Ufaransa na kuwa wa kwanza duniani. Lakini mwili haukumruhusu kuendelea alivyotaka. Desemba 2016, akiwa na miaka 29, alistaafu, na majeraha yalikuwa miongoni mwa sababu alizozitaja.

Mwenzake Novak Djokovic, aliyezaliwa mji huohuo na mwaka huohuo, ana mataji makuu 24 ya mchezaji mmoja mmoja. Naye alisumbuliwa na kiwiko cha mkono wa kulia. Julai 2017 aliacha mechi katikati huko Wimbledon na kuukatiza msimu wake. Alitumaini kitapona bila kisu, akarudi uwanjani Januari 2018, maumivu yakarudi naye. Ndipo alipokubali kufanyiwa upasuaji. Mwaka huohuo alishinda Wimbledon na mashindano ya Marekani. Juni 2024 alipasuka kipande cha gegedu ndani ya goti. Safari hii hakungoja. Alipasuliwa siku chache baadaye, na tarehe 4 Agosti alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Paris akiwa na miaka 37.

Tusielewe vibaya. Si kila jeraha lahitaji upasuaji, na mtoto wako hana kikosi cha matabibu kama Djokovic. Funzo lililopo ni kwamba hata bingwa wa dunia hawezi kulidanganya jeraha. Likitambuliwa na kutibiwa mapema, mchezaji hurudi. Likifichwa, hurudi lenyewe.

CHAKULA CHA MCHEZAJI

Mwaka 2010 Djokovic aliacha vyakula vya ngano, kwani aliambiwa mwili wake haupatani na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano na shayiri. Watu wengi waliosikia habari hizo waliacha mkate bila kumuuliza daktari. Hilo lisifanywe kwa mtoto. Walio na ugonjwa halisi wa kutopatana na gluteni ni wachache, na hutambuliwa kwa vipimo vya hospitali, ambavyo hupaswa kufanywa kabla ya kuacha ngano. Ukiacha kwanza, vipimo vyaweza kudanganya. Kwa mtoto mzima wa afya, chapati si adui. Tena ugali wa mahindi, wimbi, mtama na wali havina gluteni.

Kosa lililo kubwa zaidi mitaani kwetu ni mtoto kucheza bila chakula cha kutosha. Anatoka shuleni alasiri, anakunywa chai ya rangi, anakimbia saa mbili. Mwili usipopata chakula hujila wenyewe. Saa moja au mbili kabla ya mazoezi apewe kitu chepesi kama ndizi, viazi vitamu au uji. Baadaye ale ugali au wali pamoja na maharagwe, ndengu, mayai au omena, na mboga kama sukuma wiki au terere. Omena inayoliwa na mifupa yake, pamoja na maziwa, huongeza madini ya kujenga mifupa. Chungwa au nyanya mbichi pamoja na mlo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Chai inyweshwe mbali na mlo, kwani huzuia madini hayo.

Maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa yatosha kwa mazoezi ya kawaida. Vinywaji vya kutia nguvu vyenye kafeini si vya watoto.

Wazazi wa wasichana wawe macho zaidi. Msichana mchezaji ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu, au amefika miaka 15 bila kuianza, apelekwe kwa daktari. Huenda chakula anachokula ni kidogo kuliko nguvu anazotumia, na mifupa yake inapungua uimara. Kocha anayemwambia msichana kwamba kukatika kwa hedhi ni dalili ya kuwa imara anampoteza.

USINGIZI NA HEWA

Homoni ya kukuza mwili hutoka kwa wingi usiku mtoto akiwa amelala fofofo. Mwenye miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri kukimbia, kisha akalala saa tano usiku kwa ajili ya kazi za shule, anaibiwa ukuaji.

Jambo jingine ni hewa. Sisi wa Mowlem ni majirani wa jaa la taka la Dandora, na moshi wake tunaujua. Siku ambayo moshi ni mzito, mazoezi makali yaahirishwe au yafanywe ndani, kwani anayekimbia huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyeketi. Mtoto anayekohoa, anayebanwa kifua au kutoa mluzi kila anapokimbia apimwe pumu. Wenye pumu iliyotibiwa vizuri hucheza kama wengine.

ANAPOUMIA

Kiungo kikivimba au kikiteguka, msimamishe mara moja. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, au maji baridi, kwa dakika 15 hadi 20. Zungushia bendeji isiyobana sana, na ukiinue kiungo juu ya mto. Katika siku mbili tatu za kwanza usimpeleke achuliwe kwa nguvu wala kukandwa kwa maji moto. Hayo huongeza uvimbe, na kama mfupa umevunjika huzidisha balaa. Usimpe dawa ya kupunguza maumivu ili amalize mechi. Aspirini isipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari.

Mpeleke katika kituo cha afya bila kungoja ukiona dalili hizi:

- Hawezi kukanyagia mguu au kutumia mkono.
- Kiungo kimebadilika umbo.
- Maumivu yanamwamsha usiku, au yamepita wiki mbili.
- Mgongo unauma anapojipinda kwenda nyuma.
- Ana homa pamoja na kiungo kilichovimba.
- Amezimia au kifua kimemuuma akikimbia.
- Amegongwa kichwa, kisha anatapika, anasinzia au amechanganyikiwa.

Zahanati ikiona haja ya picha ya eksirei itampeleka katika hospitali kubwa zaidi, kama vile Mama Lucy Kibaki, ambayo huwahudumia wengi wetu wa Eastlands.

NENO KWA WAZAZI NA MAKOCHA

Ukweli ni kwamba watoto wengi wanaocheza hawatafika Wimbledon. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji angalau dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, na atakayezipata ana moyo, mifupa na akili zenye afya njema zaidi. Hiyo ni tuzo ambayo kila nyumba yaweza kuishinda. Mchezo ukimnyima mtoto masomo, usingizi na furaha, tuzo hiyo nayo imepotea.

Mwulize mtoto baada ya mazoezi, "Mwili wako wasemaje leo?" kabla ya kumwuliza kama ameshinda. Akiona kwamba jibu la kweli halimletei ghadhabu, atakuambia goti linapouma siku ya kwanza, na siku hiyo ndipo tiba huwa rahisi.

JIPIME

1. Mtoto wa miaka 11 ana mazoezi ya saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Je, yafaa? (La. Hizo ni saa 15; asizidishe 11.)

2. Kijana wa miaka 13 anaumwa chini ya kilegesambwa kwa mwezi mzima. Je, akazane? (La. Apunguze mazoezi na apimwe.)

3. Binti wa miaka 16 mwanariadha hajaona hedhi kwa miezi minne. Je, ni kawaida ya wachezaji? (La. Apelekwe kwa daktari, na chakula chake kichunguzwe.)

4. Kifundo cha mguu kimevimba baada ya mechi. Je, kichuliwe kwa mafuta moto? (La. Kipumzishwe, kiwekwe barafu, kifungwe na kuinuliwa.)

Kata ukurasa huu, msomaji, umpelekee kocha wa mtoto wako, mkae pamoja mhesabu saa zake za wiki hii.